Presha Imepanda na Chumba cha Uzazi Kimeshatandikwa



 Wiki hii tunaiweka kando mada ya mirathi tuliyowaahidi, kwa sababu tumepokea barua ambayo hatukuona haki kuiacha ingoje zamu yake. Mirathi inaweza kungoja Ijumaa nyingine, mimba haingoji.

Aliyetuandikia ni binti wa miaka 23. Ameolewa Likoni, mimba yake ni ya kwanza, nayo imefika wiki ya 31. Kwa desturi ya kwao amerudi Mji wa Kale, nyumbani kwa mamake, angojee siku zake. Chumba kimeshatandikwa. Kitanda cha samadari alichozaliwa yeye na dada zake kimepakwa vanishi upya, leso zimekunjwa sandukuni, na mkunga mzee aliyewapokea wote wanne ameshapewa habari na ameshukuru kuwa Mola amemweka hai ampokee na mjukuu.

Wiki iliyopita alikwenda kliniki na presha yake ikapimwa 144/92. Muuguzi akamwambia asiondoke. Baada ya saa nne akampima tena, ikawa 142/90. Mkojo haukuwa na protini. Akaandikiwa arudi baada ya siku tatu, na akaambiwa kuwa habari ya kuzalia nyumbani sasa aisahau. Aliporudi, nyumba iligawanyika. Mamake analia. Mavyaa wake amesema kwa simu kwamba hospitali huwatisha wanawake ili wapate kuwapasua. Mumewe yuko kazini Muscat, naye kila siku anasema jambo tofauti kulingana na aliyezungumza naye mwisho. Binti anauliza: "Nikitulia, nikaacha chumvi, nikadumu katika nyiradi, na presha ikashuka, si nitaweza kuzaa kwa mama?"

Mwanetu, umetukubalia tukujibu hadharani, kwa kuwa swali lako ni la nyumba nyingi. Jawabu tunalitanguliza ili usilitafute katikati ya maneno: kwa mimba hii, hapana. Mtoto huyu na azaliwe hospitali, mahali penye daktari, dawa, damu na chumba cha upasuaji. Lakini chumba cha mamako hakikutandikwa bure, na mkunga wako hajapoteza kazi. Tuvumilie tukueleze kwa nini, kisha tukueleze kwa vipi.

Neno moja, mambo mawili

Katika mazungumzo yetu ya kila siku neno presha limebeba mizigo miwili. Husema mtu, "Usinipe presha," akimaanisha usinitie wasiwasi. Na husema, "Ana presha," akimaanisha msukumo wa damu yake uko juu. Kwa kuwa neno ni moja, tumedhani na jambo ni moja. Ndiyo maana mja mzito akisema kliniki wameikuta presha yake imepanda, jamaa wote humkabili kwa nasaha za moyo: tulia, usifikirie mambo mengi, mumeo atarudi, lala upumzike. Na yeye masikini hujilaumu, akadhani ameyaleta haya kwa mawazo yake.

Ni kweli kwamba hofu hupandisha kipimo kwa muda. Mtu aliyepanda ngazi mbiombio, aliyebanwa na haja ndogo au anayeogopa hata sura ya mashine, huweza kupata nambari kubwa zisizo zake. Kwa sababu hiyo muuguzi wako hakukuhukumu kwa kipimo kimoja. Lakini kipimo cha 140/90 au zaidi kilichorudiwa baada ya saa nne na kikabaki juu huhesabiwa kuwa ni presha kwelikweli, na utulivu wa nafsi, pamoja na uzuri wake wote, hauiondoi.

Ugonjwa unakoanzia

Mtoto tumboni hupata chakula na hewa kupitia kondo la nyuma, ambalo limejipandikiza katika ukuta wa kizazi. Mimba inapokwenda sawa, mishipa ya damu ya ukuta huo hupanuka mapema, ili damu ipite kwa wingi na kwa upole. Katika baadhi ya mimba mishipa hiyo haipanuki inavyotakiwa. Kondo likikosa damu ya kutosha, hutoa katika damu ya mama vitu vinavyoumiza utando wa ndani wa mishipa yake mwili mzima. Hapo msukumo wa damu hupanda, figo huanza kuvujisha protini katika mkojo, ini huumia, na ubongo nao huweza kufikiwa. Hali hii madaktari huiita priklampsia. Ikimfikisha mama kwenye kutetemeka na kupoteza fahamu, ndiyo kifafa cha mimba.

Wewe, mwanetu, bado hujafika huko. Presha iliyoanza baada ya wiki ya 20, bila ya protini wala dalili nyingine, huitwa presha ya mimba. Wengi huzaa nayo salama. Lakini kadiri inavyoanza mapema ndivyo inavyozidi uwezekano wa kugeuka priklampsia, na wiki ya 31 ni mapema. Tena kugeuka kwake kwaweza kuwa ni kwa siku chache tu. Hii ndiyo sababu umeambiwa urudi baada ya siku tatu wala si baada ya mwezi.

Sasa utaona kwa nini hatukuweza kukujibu "ndiyo". Vidonge vya kushusha presha hukukinga na kupasuka kwa mishipa ya ubongo, lakini haviuondoi ugonjwa wenyewe. Unaoanza kuuondoa ni uzazi, mtoto na kondo vikishatoka. Kipimo kikishuka kwa dawa kikawa 130/80, ni jambo la kumshukuru Mungu, lakini si ruhusa ya kurudi kwenye samadari. Uchungu wa kuzaa wenyewe hupandisha presha, na kifafa kikija saa nane za usiku, mkunga mwenye mikono mitupu hana la kukifanya.

Na kuhusu chumvi: papa na ng'onda, achari na vitafunio vya pakiti, si vyakula vya kula kila siku kwa mtu yeyote. Lakini Shirika la Afya Duniani halipendekezi kuacha chumvi, wala kulala kitandani kutwa, kuwa ni njia ya kuizuia priklampsia. Mja mzito anayekula wali mtupu na kulala kutwa, akidhani amejitibu, amejipa amani isiyo na msingi. Linalosaidia kwa wale ambao chakula chao kina upungufu wa madini ya kalsiamu ni kuyapata, kwa maziwa, dagaa wa kuliwa na miiba yake, na vidonge vinavyotolewa kliniki. Na wako wanawake ambao hatari yao hujulikana tangu mwanzo: aliyewahi kupata priklampsia mimba iliyopita, mwenye presha ya siku zote, mwenye kisukari, mgonjwa wa figo, mwenye mimba ya pacha. Hao daktari huweza kuwaandikia aspirini ya kiasi kidogo kila siku, ikianzwa baada ya wiki ya 12 na kabla ya wiki ya 20. Kwa hiyo dada mwenye moja kati ya hayo asingoje tumbo lionekane ndipo aende kliniki.

Hapa tuna neno kwa mama zetu watu wazima. Nyumba nyingi za Pwani zina pakiti ya vidonge vya presha kabatini, vya mama au vya nyanya. Tafadhalini, msimgawie mja mzito. Dawa za presha si sawa zote. Methildopa, nifedipini na labetaloli hutumika katika mimba kwa amri ya daktari. Lakini enalaprili na losartani, ambazo wazee wengi hutumia, zaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Huruma yenu isije ikawa madhara.

Kipimo cha nyumbani

Kama jamaa wanaweza, na wanunue mashine ya kupimia presha, ile ya kufunga juu ya kiwiko wala si ya kifundo cha mkono. Fedha za vanishi ya samadari zingefaa hapa. Ipelekeni kliniki mara moja ilinganishwe na ya kwao. Kisha fuateni utaratibu, kwani kipimo kibaya ni kibaya kuliko kukosa kipimo.

Mja mzito akojoe kwanza. Asiwe amekunywa kahawa chungu wala chai ya rangi katika nusu saa iliyopita. Akae kwenye kiti chenye egemeo kwa dakika tano, miguu yote miwili chini, asiipishanishe. Mkono uwekwe juu ya meza, usawa wa moyo, na kitambaa cha mashine kifungwe juu ya ngozi, si juu ya nguo, nacho kiwe kinautosha mkono; kikibana kwa udogo hutoa nambari kubwa zisizo za kweli. Asizungumze na asizungumzishwe. Apimwe asubuhi na jioni, na nambari ziandikwe pamoja na tarehe na saa katika daftari litakalofuatana na kile kitabu cha kliniki cha mama na mtoto.

Kipimo kikiwa 140/90 au zaidi, na hakikushuka kiliporudiwa, ni safari ya kwenda hospitali siku ile ile, isipokuwa daktari anayejua hali yake alikwishampa maelekezo mengine. Kikiwa 160 kwa juu, au 110 kwa chini, hata kama ni kimoja tu kati ya hivyo viwili na hata kama mama anajiona mzima, hiyo ni dharura. Hapo hakuna kungoja alfajiri, wala kumngoja mume apokee simu.

Na kipimo kizuri cha nyumbani kisimzuie mtu kwenda kliniki. Mashine yenu haioni protini katika mkojo, wala haijui mtoto anakua vipi.

Mawingu kabla ya mvua

Wazee walisema dalili ya mvua ni mawingu. Ugonjwa huu nao una mawingu yake, na kila mtu mzima wa nyumba, wanaume kwa wanawake, ayajue. Kichwa kinachouma sana kisichosikia panadoli. Macho kuona ukungu, vimulimuli au vitu viwili viwili. Maumivu chini ya mbavu za kulia au katika chembe ya moyo, ambayo wengi huyadhani ni kiungulia. Uso na mikono kuvimba ghafla. Miguu pekee kuvimba jioni ni jambo la kawaida kwa waja wazito, lakini pete iliyoingia jana ikikataa leo, tahadharini. Kutapika katika miezi ya mwisho. Kupumua kwa shida. Mkojo kupungua. Mtoto kupunguza kucheza. Kutokwa na damu, au tumbo kuwa gumu na kuuma bila kuachia.

Moja tu kati ya hayo latosha kuwafanya mfunge safari.

Ikiwa, Allah atuepushe, kifafa kimekuja nyumbani, mlazeni mama ubavu, ubavu wa kushoto ni bora, ili mate na matapishi yatoke na njia ya pumzi ibaki wazi. Ondoeni vitu vya kumuumiza karibu yake. Msimtie kijiko wala kidole mdomoni, msimbane viungo, msimnyweshe chochote. Mmoja aite gari papo hapo. Hospitalini iko dawa ya sindano iitwayo magnesiamu salfeti, inayotibu kifafa hicho na inayoweza kukizuia kabla hakijaanza. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2002, uliowahusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kuwa wenye priklampsia waliopewa dawa hiyo, hatari yao ya kupata kifafa ilipungua kwa zaidi ya nusu. Ni dawa ya zamani na si ya bei kubwa. Lakini haipatikani katika chumba cha mama.

Sitara, hofu na haki ya mzazi

Hatutaki kuonekana kuwa tunawadharau wanaotamani kuzaa nyumbani. Wengi wetu tunaoandika safu hii tulizaliwa majumbani, katika mikono ya wakunga tunaowaombea dua hadi leo. Na tunajua kinachowakimbiza wanawake wetu hospitali. Ni kufunuliwa mbele ya wasiowahusu. Ni maneno makali ya usiku wa manane. Ni kutengwa na mama, na somo, na kila uso unaoujua, katika saa ambayo mtu huwahitaji zaidi. Sura ya Maryam yenyewe imetusimulia jinsi uchungu ulivyompeleka Bibi Maryam hadi kwenye shina la mtende, peke yake, naye akatamani asingekuwapo. Mola wake hakumkemea kwa kauli hiyo. Alimliwaza, akampa maji na tende. Ambaye huwakaripia wazazi katika uchungu wao na azingatie hapo.

Hata hivyo, sitara ni jambo la kupangiwa, na nyingi katika haja zako zaweza kwenda nawe hospitali. Nenda mapema, kabla ya wiki ya 36, ukaione wodi ya uzazi. Uliza kama utaruhusiwa mtu wa kukaa nawe wakati wa uchungu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mzazi awe na mwenziwe anayemtaka. Hapo ndipo pa mkunga wako mzee. Ni yeye atakayekushika mkono, akukande kiuno, akukumbushe kuvuta pumzi na kumtaja Mola wako. Uliza kuhusu wakunga wa kike wa zamu ya usiku, na sema mapema, kwa adabu, kwamba ungependa kuhudumiwa na wao. Chukua leso zako, kanzu pana na mtandio. Na ikiwa katika dharura aliyepo ni daktari mwanamume tu, wanazuoni wametufundisha kuwa dharura ina hukumu yake, na kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makubwa ya sheria yetu.

Na kuhusu kupasuliwa: presha ya mimba peke yake si hukumu ya kisu. Wengi huanzishiwa uchungu na kuzaa kwa njia ya kawaida. Mwenye priklampsia, madaktari mara nyingi hushauri azae inapotimia wiki ya 37, asingoje ya 40. Na hali ikiharibika kabla ya hapo, huweza kulazimika kuharakisha. Una haki ya kuuliza, "Ni kwa sababu gani? Kuna njia gani nyingine? Tukingoja kutatokea nini?" Uliza, na mamako awepo asikie. Binti anayeuliza kabla hudanganywa kwa shida, na hushukiwa kwa shida.

Dua, ruqya na nyiradi endelea nazo. Moyo hutua kwa kumtaja Mwenyezi Mungu. Lakini yule bedui aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu ngamia wake alifundishwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Kipimo, dawa na safari ya hospitali ndiyo kamba ya ngamia. Kadhalika, Ramadhani ikikukuta katika hali hii, ruhusa ya kutofunga mja mzito anayehofia nafsi yake au mtoto wake inajulikana. Mshauri daktari, kisha muulize sheikh wako namna ya kulipa.

Kabla usiku haujaingia

Wanaochunguza vifo vya wazazi huzungumzia kuchelewa kwa aina tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Mbili za mwanzo zimo mikononi mwetu.

Ya kuamua, tunamwambia mume aliyeko Muscat: ndugu yetu, toa idhini leo. Mwambie mkeo, mamako na mkweo kwa pamoja, katika simu moja, kwamba daktari akisema twende, ni twende, na fedha ni hizi hapa. Mume wa mbali asiyepatikana kwa simu asiwe ndiye mlango uliofungwa.

Ya kufika, fanyeni hesabu mchana. Kutoka Mji wa Kale si mbali kufika Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wengi wetu bado tunaiita Makadara. Lakini wewe ni mke wa Likoni, na huenda ukarudi kwa mumeo kabla au baada. Nani ana gari saa nane za usiku? Foleni ya feri ikiwa ndefu, dereva anaijua njia ya Dongo Kundu? Wasomaji wetu wa Faza, Siyu na Kizingitini wana hesabu nzito zaidi, kwa kuwa boti hufuata maji, na kusi kikivuma bahari hukataa. Kwao ushauri ni kwamba mja mzito mwenye presha asingoje uchungu kisiwani. Ahamie mapema kwa jamaa walio karibu na hospitali yenye upasuaji, akae nao hadi azae. Mambo mengine ni madogo lakini huokoa: uandikishaji wa SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, ukamilishwe sasa, namba mbili za madereva zibandikwe mlangoni, na jamaa wawili walio tayari kutoa damu wajulikane kwa majina.

Arobaini

Tumebakisha jambo ambalo wengi hawalijui, nalo ndilo lililotufanya tuandike kwa urefu huu. Mtoto akishatoka, hatari haitoki naye mlangoni siku ile ile. Presha mara nyingi hupanda zaidi kati ya siku ya tatu na ya sita baada ya kuzaa, wakati mama ameshapewa ruhusa ya kwenda nyumbani, na priklampsia yaweza kutokea hadi wiki ya sita, hata kwa mwanamke ambaye mimba yake yote ilikuwa shwari.

Miaka michache nyuma, katika mtaa wetu, alikuwapo mzazi aliyejifungua hospitali bila ya tatizo. Siku ya tano alilalamika kichwa. Wakamwambia ni upepo, ni kukosa usingizi, ni ubaridi ulioingia kwa kuoga maji yasiyo moto. Akafungwa leso kichwani. Usiku alitetemeka, na wenyewe wakaona ni mambo ya majini. Akaitwa wa kumsomea, na baada yake mwingine. Alifikishwa hospitali jua limeshachomoza. Sisi tulikuwa katika maziko yake. Mtoto aliyemwacha hivi sasa anasoma chuoni, juzuu ya pili. Hatumlaumu mtu, waliokuwapo walimpenda na walifanya walilolijua. Lakini kujua tunajua sasa, na anayejua ana la kujibu.

Sasa itazameni arobaini yetu kwa jicho jingine. Wazee walimweka mzazi siku arobaini ndani, akikandwa kwa maji moto, akilishwa, asiachwe peke yake hata kwa saa moja. Siku arobaini ni karibu wiki sita zile zile za hatari. Hakuna wodi yoyote inayoweza kumpa mwanamke macho mengi namna hiyo kwa muda mrefu namna hiyo. Kilichopungua katika chumba chetu ni mashine ya presha na elimu ya dalili. Mkunga mzee akifundishwa kupima asubuhi na jioni, hasa wiki ya kwanza, na akijua kwamba kichwa cha mzazi kinachouma sana si upepo hadi presha ipimwe, basi amekuwa mlinzi bora kuliko alivyokuwa zamani.

Kwa hiyo, mwanetu, mwambie mamako asikikunjue chumba. Samadari ibaki ilivyo. Nenda Makadara au hospitali nyingine yenye uwezo huo, uzae mbele ya watu wenye dawa, na mkunga wako akiwa ubavuni. Kisha urudi uingie katika chumba kile kile, na mtoto wako aadhiniwe, aonjeshwe tende, na siku ya saba afanyiwe akika katika nyumba uliyozaliwa wewe. Na mimba ikishapita, usiisahau hesabu hii. Mwanamke aliyepata presha ya mimba yuko katika hatari zaidi ya kupata presha na maradhi ya moyo baadaye. Apimwe kila mwaka, na mimba ijayo aiseme habari yake kliniki siku ya kwanza.

Usiiache ahadi ya kliniki. Nenda, hata ukijiona mzima, na ufuatane na mamako ili asikie kwa masikio yake. Tutangoja barua yako ya pili, na ya tatu tutataka jina la mtoto.

Allah (S.W.T.) akufungue salama, akupe mtoto mwema wa kheri, na awalinde waja wazito wetu wote, wa mjini na wa visiwani.

Wabillahi tawfiq.